Baraza na Hesabu: Utawala wa Mitaa na Idadi ya Watu katika Machakos

Utangulizi

Msomaji anayezitazama takwimu za Machakos bila kuijua historia ya utawala wake hupotoka upesi. Hesabu ya watu ya 1989 iliipa Wilaya ya Machakos watu wapatao 1,400,000. Hesabu ya 2019 iliipa Kaunti ya Machakos watu 1,421,932. Kwa mtazamo wa haraka itadhaniwa kwamba kwa miaka 30 watu wa Machakos hawakuongezeka hata kidogo. Kumbe jina limebaki lile lile, na eneo limebadilika. Mwaka 1992 sehemu ya kusini ya wilaya ilikatwa ikawa Wilaya ya Makueni, na mwaka 2019 Makueni peke yake ilikuwa na watu 987,653. Pande hizo mbili zikijumlishwa, zinapatikana hesabu za watu 2,409,585.

Mfano huo unaonyesha kwamba idadi ya watu haisimami peke yake. Daima kuna mwenye kuhesabu, kuna mpaka aliouchora, na kuna jambo analolitaka. Makala haya yanachunguza uhusiano huo katika Machakos tangu mwisho wa karne ya 19, na yanautazama pia kwa njia ya msamiati, kwa kuwa maneno ya utawala yaliyotumika huko bara mengi yalitoka pwani. Hoja yake kuu ni kwamba kwa muda mrefu watu wa Machakos walihesabiwa ili watozwe, na baraza lililosemekana kuwa lao halikuwa na sauti juu ya hesabu hiyo. Maana ya hesabu ilianza kugeuka pale tu baraza lilipoanza kuwawajibikia wale waliohesabiwa.

Utui, nzama na majina ya njaa

Kabla ya utawala wa kigeni, Wakamba hawakuwa na mfalme wala mji mkuu. Msingi wa maisha yao ulikuwa utui, yaani ujirani wa nyumba kadhaa zenye malisho na njia za pamoja, na matui kadhaa yaliungana kuwa kivalo. Mambo ya sheria yaliamuliwa na nzama, baraza la wazee. Mzee wa nzama aliitwa mutumia. Mwanaisimu atatambua hapa tofauti ya kuvutia, kwa sababu neno hilo hilo kwa Wagikuyu, majirani na ndugu wa karibu kilugha, lina maana ya mwanamke aliyeolewa.

Hesabu ya vichwa haikuwa na nafasi katika utaratibu huo. C. W. Hobley, katika kitabu chake cha 1910 juu ya Wakamba, aliandika kwamba mtu aliijua idadi ya watoto wake, ila hakupenda kuitaja kwa walio nje ya jamaa yake. Lakini haifai kusema kwamba watu hawa hawakuwa na kumbukumbu ya kupungua na kuongezeka kwao. Kumbukumbu hiyo ilihifadhiwa katika majina ya njaa. Njaa ya 1898 na 1899, iliyofuata ugonjwa wa ng'ombe na kufuatana na ndui, iliitwa Ngomanisye, kwa maana kwamba ilienea kila mahali. Ile ya 1961, chakula kilipodondoshwa kutoka angani, ikaitwa Ndeke, yaani ndege. Ile ya 1984 ikaitwa Nikwa Ngwete, yaani ninakufa hali nimeshika, kwa kuwa fedha zilikuwa mkononi na chakula hakikuwako madukani. Kila jina ni taarifa fupi juu ya chanzo cha msiba, ukubwa wake, au msaada uliofika. Daftari la serikali kwa miaka hiyo hiyo lina tarakimu, na maelezo ya namna hiyo halina.

Boma na kibanda

Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilianzisha kituo Machakos mwaka 1889, na tangu 1892 John Ainsworth akakisimamia. Jina la mahali lilitokana na Masaku, mzee mashuhuri wa sehemu hizo, likabadilishwa na ndimi za wageni. Kituo kikawa makao ya jimbo la Ukamba hadi 1899, reli ilipopita mbali nacho na ofisi kuhamishiwa Nairobi.

Lugha iliyotumika baina ya boma na wananchi ilikuwa Kiswahili, na haikuwa ngeni kabisa. Wakamba walikuwa wamefanya biashara ya pembe na pwani tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19, na walikuwa na makazi karibu na Rabai. J. L. Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 kwa Kivoi, mfanyabiashara mkuu, alifuata njia ambayo misafara ya Wakamba ilikuwa imekwisha kuizoea. Jambo jipya lilikuwa ni mabadiliko ya maana. Boma, ambalo asili yake ni ua wa miti au miiba, likawa ofisi ya serikali. Baraza, ambalo pwani ni kibao cha mawe mbele ya nyumba ambapo watu huketi kwa mazungumzo na kahawa, likawa mkutano ambao watu huitwa wasikilize amri. Katika maana ya kwanza kila aliyeketi ana haki ya kusema. Katika maana ya pili msemaji ni mmoja. Neno lilisafiri kutoka Mombasa hadi Machakos, na njiani likapoteza usawa wake.

Hesabu ya kwanza ya serikali ilikuwa ya vibanda. Kanuni ya kodi ya 1901 ilimtoza mwenye kibanda, na sheria ya 1902 ikawapa wakuu wa vijiji wajibu wa kutunza amani na njia. Kodi ya kichwa kwa wanaume wasiolipa ya kibanda ikafuata mwaka 1910. Kabla ya 1948 idadi ya watu ilikisiwa kutokana na orodha hizo za walipa kodi. Ni dhahiri kwamba hesabu ya namna hii ina kasoro ndani yake, kwa kuwa anayeepa kodi huepa na hesabu pia, na watu wanaosongamana katika kibanda kimoja ili kupunguza malipo huonekana wachache katika daftari.

Baraza la wenyeji na maandamano ya 1938

Sheria ya 1924 ilianzisha mabaraza ya wenyeji katika wilaya za Kenya, na Machakos ikapata lake. Baraza hilo liliweza kutoza ushuru kwa ajili ya shule, njia na zahanati. Hata hivyo mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Wilaya, na machifu, waliokuwa watumishi wa serikali, walikuwa na nguvu kubwa ndani yake. Kwa jina lilikuwa baraza la wilaya. Kwa utendaji lilikuwa mkono wa boma.

Udhaifu huo ulidhihirika katika suala la mifugo. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa serikali, akiwamo Colin Maher, waliripoti kwamba udongo wa Machakos ulikuwa ukichukuliwa na maji kwa kiasi cha kutisha. Lawama kubwa ikatupwa juu ya wingi wa watu na ng'ombe katika eneo la hifadhi. Kwamba ardhi jirani ilikuwa imetengwa kwa walowezi na kwa serikali halikupewa uzito huo huo. Mwaka 1938 ikaamuliwa kwamba ng'ombe wapunguzwe kwa lazima: kila eneo likakadiriwa idadi ya kubaki, na waliozidi wakakamatwa na kuuzwa kwa bei ndogo. Kiwanda cha nyama cha Athi River kilikuwa tayari kuwapokea.

Baraza halikuwa chombo cha kuyapinga hayo, kwa hiyo upinzani ukapita nje yake. Chama cha Ukamba Members Association, kikiongozwa na Samuel Muindi Mbingu, kilikusanya malalamiko. Katikati ya 1938 watu zaidi ya elfu moja, wanaume kwa wanawake na watoto, walitembea hadi Nairobi wakakaa huko kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Gavana, Robert Brooke-Popham, alikwenda Machakos kuzungumza na watu barazani, lakini hawakuridhika. Mwezi wa Septemba Muindi Mbingu alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuwauza ng'ombe kwa nguvu. Kilichoshindwa mwaka 1938 ni hesabu iliyofanywa bila ridhaa: tarakimu zilikuwa zimeandikwa na wataalamu, na wenye mali hawakuulizwa.

Watu wengi, baraza dogo

Baada ya vita vya pili idadi ya watu ilipanda kwa kasi. Makisio ya 1932 yalikuwa watu 239,000 hivi. Hesabu ya 1948 ilitoa 366,000, ya 1962 ikatoa 566,000, ya 1969 ikatoa 707,000, na ya 1979 ikapita 1,022,000. Tangu 1932 hadi 1989 watu waliongezeka karibu mara 6.

Kwa mujibu wa ripoti za miaka ya 1930, matokeo yangalikuwa jangwa. Haikuwa hivyo. Uchunguzi wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa 1994, ulionyesha kwamba mmomonyoko ulipungua katika muda ule ule ambao watu waliongezeka. Matuta ya fanya juu yalienea, miti ilipandwa, na mazao ya kuuza yakaleta fedha za kuitunza ardhi. Kazi nyingi ilifanywa kwa mwethya, ushirika wa zamani wa kusaidiana. Ni lazima kuongeza kwamba ardhi yenyewe ilipanuka: Makueni ilifunguliwa kwa makazi baada ya 1945, na baadaye sehemu za serikali na mashamba ya walowezi yakakaliwa. Kwa hiyo msongamano haukupanda mara 6 kila mahali. Hata hivyo hoja inabaki, kwamba wingi wa watu peke yake hauelezi hatima ya nchi.

Utawala wa mitaa, kinyume cha watu, ulipungua. Baraza la wenyeji liligeuzwa kuwa baraza la wilaya la Waafrika kwa sheria ya 1950, na katika uhuru likawa Masaku County Council, likirudisha jina la mzee katika umbo lake la Kikamba. Lakini sheria ya 1969 iliyanyang'anya mabaraza ya namna hiyo, kuanzia 1970, elimu ya msingi, afya na barabara, yakabidhiwe serikali kuu. Mpango wa 1983 wa kuielekeza maendeleo kwenye wilaya uliimarisha kamati ya Mkuu wa Wilaya kuliko madiwani. Hivyo wilaya ilipofikia watu milioni moja, baraza lake lilikuwa na kazi chache kuliko lilivyokuwa nazo lilipoanza uhuru.

Hitimisho

Katiba ya 2010 na uchaguzi wa 2013 zilifuta mabaraza hayo na kuanzisha kaunti. Kaunti ya Machakos ina maeneo bunge 8 na wadi 40, katika eneo la kilomita za mraba zinazozidi 6,000 kidogo. Katika kanuni ya kwanza ya kugawa fedha za kaunti, asilimia 45 ya mgawo ilitegemea idadi ya watu. Hapo hesabu iligeuka sura. Aliyekuwa akijificha asiandikwe kwa hofu ya kodi, sasa ana sababu ya kutaka aandikwe. Hatari mpya nayo ipo, maana palipo na mgawo pana kishawishi cha kuzidisha. Baada ya hesabu ya 2009 serikali ilizikataa takwimu za wilaya 8 za kaskazini kwa sababu hiyo.

Neno diwani laweza kufunga uchunguzi huu. Pwani lilikuwa cheo cha watawala, kama wale wa Vumba. Kwa washairi ni mkusanyo wa tungo. Katika mabaraza ya Kenya lilikuwa jina la mjumbe aliyechaguliwa, na wengi wangali wanamwita hivyo mwakilishi wa wadi. Asili yake ya kale ni daftari: katika enzi ya Khalifa Umar, diwani ilikuwa orodha ya watu wanaostahili kupewa fungu katika hazina. Kwa karne nzima daftari la Machakos liliorodhesha wanaodaiwa. Kazi ya mwakilishi aliyechaguliwa ni kulirudisha kwenye maana yake ya kwanza, na kuhakikisha kwamba kila jina lililomo lina mtu anayeweza kuuliza fungu lake lilikwenda wapi.