Santuri, Kanda na Jasho la Mwanamuziki

Wizi wa muziki unapozungumzwa nchini mwetu, aghalabu mshitakiwa wa kwanza ni kijana aliyeketi kando ya barabara na kompyuta yake, akiwajazia wapita njia nyimbo katika simu zao kwa malipo madogo. Yeye, husemwa, ndiye aliyezifilisi kampuni za muziki, na ndiye anayeiua albamu. Shutuma hiyo ina ukweli wake, lakini inaanzia mwisho wa hadithi. Mwanamuziki wa Tanzania alitenganishwa na mapato ya kazi yake miaka mingi kabla kijana huyo hajazaliwa, na waliomtenganisha nayo hawakuwa wezi peke yao.

Tangu mwanzo sauti zetu zililazimika kusafiri ili zipate kuhifadhiwa. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya Gramophone, na santuri zao zikarudi Afrika Mashariki zikiwa bidhaa ya dukani. Baadaye safari ikawa fupi zaidi. Nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro zilitolewa kwa nembo ya Mzuri, iliyokuwa ya wafanyabiashara wa Mombasa. Na Nairobi ndiko kulikokuwa na kiwanda, wafanyabiashara wa River Road na mawakala wa kampuni kubwa za Ulaya. Katika enzi yote ya santuri, Tanzania haikuwa na kiwanda chake kilichokidhi soko lake. Atakayesema kwamba maharamia waliua kampuni zetu za santuri, kwanza atuonyeshe kampuni hizo zilikuwa wapi.

Badala ya kampuni, sisi tulikuwa na mashirika ya umma na redio. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na miaka iliyofuata bendi nyingi ziliwekwa chini ya vyama vya wafanyakazi, majeshi na mashirika. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ilikuja kumilikiwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Magitaa, ngoma na tarumbeta vilikuwa mali ya mwajiri, naye mpiga gitaa alipokea mshahara wake kama karani au dereva. Nasema bila kusita kwamba utaratibu huo ulimpa mwanamuziki heshima ambayo wakoloni hawakumpa. Hata hivyo ulizaa usahaulifu mmoja. Kwa kuwa mtunzi alikula mshahara, hakuna aliyeona haja ya kuuliza wimbo wenyewe ni mali ya nani.

Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa studio ya taifa. Bendi iliingia, ikapiga wote kwa pamoja, kanda ikahifadhiwa maktabani na nyimbo zikarushwa hewani nchi nzima. Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa muziki hawana budi kulielewa. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba dakika chache tu kila upande, basi wimbo wa dansi ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza mashairi, na upande wa pili chemko, yaani sehemu ile ya kasi ambapo magitaa hujibizana na wachezaji husahau uchovu wao. Kanda ya redio haikudai mkato huo. Ndiyo sababu kazi nyingi bora za miaka ya 1970 zilizosalia zikiwa nzima zimo katika kanda za redio, wala si katika santuri. Lakini redio ilikuwa ikitangaza, si kuuza. Msikilizaji wa Tabora aliyeupenda wimbo aliungoja urushwe tena.

Mahali pasipo na duka, njia nyingine hupatikana. Februari 1977, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Njia halali ya kwenda kurekodi Nairobi ikawa ngumu. Njia isiyo halali haikufungwa: nyimbo zilizorekodiwa Redio Tanzania zilitokea Nairobi zikiwa santuri zenye majalada ya rangi, na wenyewe, waliokuwa wakipiga dansi Dar es Salaam, hawakuambulia kitu. Huo ulikuwa uharamia uliofanywa na watu wenye ofisi na mihuri, kabla ya kibanda chochote cha kanda kufunguliwa mitaani kwetu.

Nimtaje Mbaraka Mwinshehe, maana maisha yake yanatatanisha hukumu zetu. Aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973, akaunda Super Volcano, akafanya kazi na kampuni ya Nairobi iliyokuwa tawi la wageni. Alifariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, Januari 1979. Baada ya kifo chake kampuni hiyo ilikusanya nyimbo zake na kuzitoa katika mfululizo wa albamu ulioitwa Ukumbusho. Tumezoea kusema kwamba kampuni za kigeni zilitunyonya, na sina nia ya kuzitetea. Lakini leo mtu akitaka kumsikiliza Mbaraka kwa mpangilio, albamu baada ya albamu, ataweza. Akitaka kuwasikiliza hivyo baadhi ya waliokuwa sawa naye kwa kipaji, ambao hawakuvuka mpaka, atahangaika sana. Mnyonyaji alitunza daftari ambalo sisi hatukulitunza.

Kaseti ilikuwa imebuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, lakini kwetu ilienea sana baada ya serikali kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje, kuanzia mwaka 1984. Redio kaseti zilijaa madukani, na vibanda vya kurekodia vikajaa mitaani. Mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi wa sekondari, niliwahi kupeleka kanda tupu ya dakika 60 pamoja na orodha ya nyimbo, nikairudia kesho yake ikiwa imejaa, na majina ya bendi yameandikwa kwa kalamu nyekundu. Sikujiona mwizi. Hakukuwa na duka ambalo ningelipita ili nimkwepe mwenye haki yake. Nyimbo zile hazikuuzwa popote kwa njia nyingine. Leo najua kwamba shilingi zangu zilimfikia mwenye kibanda, zikaishia hapo. Kwa upande wa Nairobi kanda zilifanya kweli yale tunayoyasimulia kimakosa kuhusu Dar es Salaam: ziliivunja biashara ya santuri ndogo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni kubwa za kigeni zilikuwa zimeondoka.

Pigo lenyewe kwetu lilikuja katika miaka hiyo ya 1990. Mashirika ya umma yalipoanza kujitoa katika kumiliki bendi, mshahara ulikoma, na kwa mara ya kwanza mwanamuziki alilazimika kuishi kwa kuuza sauti yake. Aliingia sokoni na kuwakuta wasambazaji wachache wa Kariakoo wenye mashine za kudurufia kanda. Mapatano yalikuwa mepesi. Msanii alikabidhi albamu, akapewa fedha za mkupuo, akaweka sahihi. Kanda ngapi zilitolewa baada ya hapo, alijua msambazaji. Vijana wa muziki wa kizazi kipya waliofuata walirithi mapatano hayo hayo. Mimi huuita uharamia wenye stakabadhi, na naamini uliwaumiza wasanii wengi kuliko kibanda cha mtaani, kwa sababu kibanda kiliiba nakala chache ilhali mkataba ulichukua zote.

Sheria haikukosekana, kilichokosekana ni mkono wake. Tulikuwa na Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 1966, lakini bila chombo cha kukusanya mirabaha. Sheria Namba 7 ya 1999 ndiyo iliyoleta COSOTA, iliyoanza kazi mwaka 2001, na Zanzibar ikatunga sheria yake mwaka 2003. Mwaka 2013 stempu za kodi zilianza kubandikwa kwenye kanda na diski za muziki na filamu, ili nakala halali zihesabike. Lilikuwa wazo jema lililofika wakati diski zenyewe zikiondoka sokoni. Stempu haibandikwi kwenye wimbo unaoruka kutoka simu moja hadi nyingine.

Sasa muziki wetu unasikilizwa kwa mtandao, na hesabu za usikilizaji huwekwa tena ng'ambo, kama santuri za Siti zilivyohesabiwa. Msanii hutoa wimbo mmoja mmoja, kwa kuwa wimbo mmoja ndio unaopata wasikilizaji wa wiki hii. Albamu hazijatoweka: Diamond Platnumz alitoa A Boy from Tandale mwaka 2018, naye Ali Kiba akatoa Only One King mwaka 2021. Lakini hao wana uwezo wa kugharimia miezi ya studio. Wasiwasi wangu ni juu ya mtunzi wa Lindi au wa Kigoma asiye na mfadhili. Walimu wa fasihi watanielewa upesi. Katika shule zetu tunasomesha diwani, si shairi moja, kwa kuwa shairi moja linaweza kuwa bahati, bali katika diwani mshairi huonekana akijibishana na nafsi yake, akirudia jambo na kulibadilisha. Albamu ndiyo diwani ya mwanamuziki. Mkopo wa kutengeneza albamu unaweza kusaidia. Lakini mkopo hulipwa kwa mapato, na mapato yanataka mtu wa kuhesabu nakala na kumsomea mwenye mali hesabu hiyo. Kazi hiyo ya karani, isiyo na ngoma wala tarumbeta, ndiyo ambayo hatujaifanya vyema tangu mwaka 1928. Mirabaha ya redio na televisheni iliyogawiwa Januari 2022 ilikuwa hatua katika njia hiyo.

Muda nao hautungoji. Sheria ya 1999 iliweka ulinzi wa kazi kuwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, tungo za Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, zilitoka katika ulinzi huo mwishoni mwa 2015. Za Mbaraka zitatoka mwishoni mwa 2029, na kuanzia siku inayofuata, yeyote atakayezijaza katika simu ya mpita njia hatakuwa mwizi wa tungo zake.