Njia ya Voi Kwenda Moshi

Mtu atokaye Voi kwa gari kuelekea magharibi hupita Mwatate, Bura na Maktau, akaikata nyika ya Tsavo kwa mwendo mrefu usio na kivuli, na baada ya kilomita zipatazo 110 huingia Taveta, penye migomba na mifereji ya maji. Mbele kidogo ni Holili, na Holili ni Tanzania. Hapana mto mkubwa hapo, wala safu ya milima; udongo ni ule ule, na Kilimanjaro huonekana kutoka pande zote mbili. Basi kijana aketiye kiti cha nyuma cha gari la baba yake, akiona kila mtu anateremka na karatasi mkononi, ana haki ya kuuliza ni nani aliyeuweka mpaka mahali hapa, na kwa sababu gani.

Zamani Taveta ilikuwa kituo cha njiani. Misafara iliyotoka Mombasa na Pangani ilipumzika katika msitu ulio kando ya mto Lumi, ikanunua ndizi na nafaka, ikaitengeneza mizigo yake kabla ya kuingia nchi ya Wamasai. Wataveta wenyewe husimulia kuwa wazee wao walitoka pande nyingi, wengine Upare na Uchaga, wengine Utaita na Ukambani. Kwa watu wa asili hiyo, kwenda Rombo au Upare kulikuwa ni kwenda kwa wajomba.

Mambo yaligeuka katika muda wa miaka miwili tu. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston, aliyekuja kuchunguza mimea na wanyama wa Kilimanjaro, alijipatia haki juu ya ardhi ya Taveta. Mwaka uliofuata Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma Jenerali Mathews awatake watawala wa huko waikubali bendera yake. Na haukupita muda akafika Karl Jühlke, mjumbe wa Carl Peters, akafanya mkataba na Mangi Rindi wa Moshi kwa ajili ya Wadachi, kama wazee wetu walivyowaita Wajerumani. Hivyo mlima mmoja ulikuwa na wadai watatu, wote watu wa mbali.

Shauri lenyewe halikukatwa Moshi wala Taveta. Lilikatwa kwa barua zilizoandikiana serikali za London na Berlin, zikatimizwa tarehe 1 Novemba 1886. Mstari ulianzia mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, ukanyooshwa hadi ziwa Jipe. Ukavuka Lumi, ukapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, ukazunguka chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha ukanyooshwa tena hadi ziwa Viktoria. Tazama ramani, msomaji, utauona mkunjo ule hapo mlimani. Kwa mkunjo huo Wajerumani walipata mlima, na Waingereza wakabaki na Taveta, mahali ambapo Johnston alikuwa na hati zake.

Wengi husimulia kwamba Malkia Viktoria alimpa mjukuu wake, Kaisari Wilhelm, mlima huo uwe zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni hadithi tamu, nami nimeisikia hata katika vyumba vya walimu, walakini tarehe zaikataa: Wilhelm alirithi kiti Juni 1888, na mpaka ulikuwa umekwisha kuandikwa tangu 1886.

Vita vya 1914 vilipoanza, Wajerumani walivuka mwezi wa Agosti wakaitwaa Taveta, wakaishika hata Machi 1916. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walikishambulia kilima cha Salaita, ambacho msafiri wa leo hukipita kabla ya kuingia mjini, wakarudishwa nyuma. Waingereza walijenga reli kutoka Voi ili kupeleka jeshi lao, na mwaka huo huo ikaungana na reli ya Tanga na Moshi. Baada ya vita Tanganyika ikawa chini ya Waingereza kama Kenya. Shilingi ikawa moja, ushuru wa forodha ukawa mmoja, na kwa miaka mingi mpaka ulikuwa jambo la ramani kuliko jambo la njiani.

Uhuru ulikuja Tanganyika mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963. Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa fedha zake, lakini mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania zikatia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao makuu yakawa Arusha. Reli, bandari, posta na ndege zilikuwa mali ya wote. Jumuiya hiyo haikudumu. Nchi hizo zilitofautiana juu ya siasa ya uchumi na juu ya kugawana faida, na tangu 1971 Nyerere hakukubali kuketi meza moja na Idi Amin. Shirika la ndege lilivunjika, Kenya ikaanzisha lake, na Februari 1977 Tanzania ikaufunga mpaka. Magari na ndege za Kenya zilizokutwa huko zikazuiliwa. Ulifunguliwa Novemba 1983, Moi, Nyerere na Obote walipokutana Arusha baada ya kupatana juu ya mali na madeni ya Jumuiya iliyokufa.

Vitabu vingi huyamaliza mambo hayo kwa sentensi chache, kama nilivyofanya mimi. Lakini miaka sita na miezi tisa ni mirefu kwa watu wa mpakani. Mama yangu ni mzaliwa wa Taveta. Dada yake mkubwa aliolewa Rombo mwaka 1974, na njia ilipofungwa ndugu hao hawakuonana tena, ingawa usiku mama alisimama uani akaiona mioto ya vijiji vya Rombo mlimani. Babu alipofariki mwaka 1980, habari zilipelekwa na mchunga ng'ombe aliyevijua vijia vya porini. Mama mkubwa alizipata siku ya tano, na marehemu alikuwa amekwisha kuzikwa. Alifika kaburini Desemba 1983, amemshika mkono mtoto ambaye hapakuwa na mtu Taveta aliyelijua jina lake.

Jumuiya mpya ilitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na mwaka 2010 likaanza soko la pamoja. Tangu 2016 Taveta na Holili zina kituo cha pamoja: msafiri hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, upande ule anaouingia. Wala mtu asidhani kuwa mlango uliofunguliwa hubaki wazi daima. Tarehe 16 Mei 2020, wakati wa maradhi ya korona, Kenya iliwazuia wasafiri kuvuka mpaka huu, ikaruhusu magari ya mizigo tu.

Likizo ya Desemba iliyopita tuliipita njia hiyo, mimi na mke wangu, watoto wetu wawili, na mama. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana mwaka 2014 raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa, lakini Tanzania haikuwamo. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na hati yake ya kusafiria, hata mtoto wa miaka mitatu. Gari nalo lilitakiwa hati ya usajili, bima inayokubaliwa nchi ya pili, na kibali cha forodha chenye tarehe ya kurudi.

Afisa wa uhamiaji, kijana wa Kitanzania, alimwamkia mama shikamoo kabla ya kuipokea hati yake. Akamwuliza anakwenda kwa nani.

"Marahaba, mwanangu. Nakwenda kwa dada."

"Utakaa siku ngapi, mama?"

Mama alifikiri kidogo. "Niandikie zote zinazoruhusiwa," akasema.

Afisa akaandika, akapiga muhuri. Yapata saa nane mchana tulikuwa Himo, tukaishika njia ya Marangu ipandayo Rombo.