Sheria za Kanisa Zilivyorudi Darasani: Historia Fupi ya Shahada ya Cardiff

Mwaka 1535 Mfalme Henry VIII alipiga marufuku ufundishaji wa sheria za kanisa katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge. Mihadhara ikakoma, shahada zake nazo zikaacha kutolewa. Henry alikuwa ameshavunja uhusiano na Roma, na mabingwa wa fani hiyo walikuwa wamelelewa katika mfumo uliomweka Papa juu ya mahakama zote za kanisa. Hakutaka kizazi kingine cha wanasheria wa namna hiyo.

Lakini sheria zenyewe hazikufutwa. Bunge lilikuwa limekwisha kuamua kwamba kanuni za zamani ziendelee kutumika, mradi zisipingane na sheria za nchi wala mamlaka ya mfalme, mpaka tume iziandike upya. Askofu Mkuu Thomas Cranmer na wenzake waliandaa rasimu mwaka 1552, ila haikuwahi kupitishwa. Ndivyo Kanisa la Uingereza lilivyoishi kwa karne nyingi chini ya sheria zilizokuwa na nguvu kamili bila kufundishwa katika chuo kikuu chochote.

Hali hiyo ilidumu mpaka 1991. Mwaka huo Kitivo cha Sheria cha Cardiff, katika Wales, kilifungua shahada ya uzamili ya sheria za kanisa, ya kwanza ya aina yake katika chuo kikuu cha Uingereza tangu enzi za Matengenezo ya Kanisa. Mwanzilishi wake alikuwa Norman Doe, mwanasheria aliyekuwa amechapisha mwaka mmoja kabla kitabu juu ya mamlaka katika sheria ya Uingereza ya mwishoni mwa Zama za Kati.

Katikati ya marufuku na ufufuo huo elimu haikufa kabisa. Pale London palikuwa na chama cha wanasheria kiitwacho Doctors' Commons. Wanachama wake walikuwa wamesomea sheria ya Kirumi, nao ndio waliosimamia kesi katika mahakama za kanisa: ndoa, wosia, nidhamu ya mapadre. Mwaka 1857 Bunge lilizinyang'anya mahakama hizo kesi za wosia na talaka, na chama kikakosa kazi. Majengo yake yalibomolewa mwaka 1867. Tangu hapo padre aliyetaka kujua haki na wajibu wake alitegemea vitabu vizito na msajili wa dayosisi, kama alibahatika kupata msajili anayejua.

Karne ya 20 iliamsha hamu upya. Ripoti ya tume ya maaskofu wakuu ilitoka mwaka 1947, na Askofu Mkuu Geoffrey Fisher akaisukuma kazi ya kuandika upya kanuni za mwaka 1603, ambazo hatimaye zilichapishwa upya katika miaka ya 1960. Mwaka 1987 wanasheria na mapadre waliunda Chama cha Sheria za Kanisa. Wenye hamu ya kujifunza walikuwepo. Darasa ndilo lililokuwa halijapatikana.

Kwa nini basi darasa lifunguliwe Cardiff, wakati Oxford na Cambridge ndivyo vyuo vilivyonyang'anywa somo hilo? Kwa maoni yangu jibu limo katika historia ya Wales yenyewe. Mwaka 1920 Kanisa la Anglikana nchini humo liliondolewa rasmi katika hadhi ya kuwa kanisa la dola. Asubuhi moja likajikuta halina mfalme wa kulisimamia wala Bunge la kulitungia sheria. Lilibidi lijiandikie katiba, liunde baraza la kutunga kanuni zake na mahakama zake, na kushikilia mali zake kwa njia ya wadhamini. Nguvu ya sheria zake sasa ilitokana na makubaliano ya waumini wenyewe. Anayesomea sheria za kanisa katika mazingira hayo hawezi kudhani kwamba ni tawi dogo tu la sheria za serikali.

Masomo yalipangwa kwa watu wenye kazi zao. Walikuja mapadre, mawakili, majaji na machansela wa dayosisi, wakakutana mwishoni mwa juma kisha wakarudi parokiani na ofisini. Meza moja ilimkutanisha wakili asiyejua teolojia na padre ambaye hajawahi kusoma hukumu ya mahakama. Jambo ninalolithamini zaidi ni kwamba somo halikufungiwa ndani ya Uanglikana. Robert Ombres, mtawa wa Shirika la Wadominiko, alikuwa miongoni mwa waliofundisha, na kanuni za Kanisa Katoliki zilisomwa sambamba na za Anglikana. Mwaka 1999 wanasheria wa makanisa hayo mawili walianza mazungumzo ya pamoja, na Doe alikuwa mmoja wa waanzilishi wake.

Mwaka 1998 kilizaliwa Kituo cha Sheria na Dini cha Cardiff. Mwaka huohuo Doe alitoa kitabu kikubwa kinacholinganisha sheria za makanisa ya Anglikana duniani kote. Alikusanya katiba na kanuni za majimbo yaliyotengana kwa bahari na kwa historia, akaona kwamba juu ya sinodi, uaskofu, ubatizo, ndoa na mali yanasema mambo yanayofanana mno, ingawa hakuna mamlaka moja iliyoyaamuru. Mwaka 2001 aliliweka suala hilo mbele ya maaskofu wakuu walipokutana Kanuga, Marekani. Wanasheria wa majimbo wakakutana Canterbury mwaka uliofuata, na kazi yao ikazaa kitabu cha misingi 100 ya sheria inayoshirikiwa na makanisa hayo, kilichozinduliwa kwenye Mkutano wa Lambeth mwaka 2008. Toleo la pili lilitoka mwaka 2022.

Inauma kukumbuka kwamba maaskofu wengi wa Kenya, Uganda na Rwanda hawakuwepo Lambeth mwaka 2008 kwa sababu ya mgogoro juu ya mapenzi ya jinsia moja. Kitabu cha yale tunayoshirikiana kilizinduliwa huku viti vyetu vikiwa vitupu.

Kitabu hicho kinatuhusu sana. Jimbo la Afrika Mashariki lilipoundwa mwaka 1960 chini ya Askofu Mkuu Leonard Beecher, na Kenya na Tanzania zilipoachana mwaka 1970 kila moja ikawa na askofu wake mkuu, makanisa yetu yalifanya ileile kazi iliyofanywa Wales mwaka 1920: kujitawala kwa katiba bila mkono wa serikali. Migogoro ya viwanja na ya uchaguzi wa maaskofu inapofika mahakamani, jaji hutaka kuona katiba hiyo kabla ya lolote. Mara nyingi wanaotakiwa kuieleza hawajawahi kufundishwa namna ya kuisoma.

Mukono, Uganda, kuna Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, ambacho kinafundisha sheria, na kilichokua kutokana na chuo cha teolojia cha Askofu Tucker. Wanafunzi wa fani hizo mbili wanaishi katika eneo moja la chuo. Ningependa kuona muhtasari wa somo la sheria za kanisa ukiandikwa hapo, ukianzia na katiba za majimbo yetu wenyewe.