Uthabiti wa halijoto katika tangi dogo la matumbawe

Hita ya kuzamishwa majini huwa na namba mbili. Ya kwanza ni ya wati, tuseme 50. Ya pili iko kwenye kitufe cha kuzungushia na huanzia 20 hadi 30 na kitu. Hizo ni nyuzi za Selsiasi. Namba ya wati inahusu joto, na namba ya nyuzi inahusu halijoto. Anayezichanganya atanunua hita ya wati 200 kwa tangi la lita 40 akiamini kwamba kubwa ndiyo salama, kumbe amejiongezea hatari. Ndiyo maana nataka tuanze na maneno kabla hatujafika kwenye samaki na matumbawe.

Joto ni nishati inayohama kutoka kitu chenye moto zaidi kwenda chenye moto kidogo, na hupimwa kwa jouli. Halijoto ni kiwango kinachosomwa kwenye kipimajoto, na hupimwa kwa nyuzi. Mtaani tunasema “joto la leo nyuzi 32” na tunaelewana bila shida. Kwenye tangi la maji usemi huo haututoshi, kwa sababu swali la kila siku ni hili: joto kiasi gani likiingia au likitoka litabadilisha halijoto kwa nyuzi ngapi? Bila maneno mawili tofauti, swali hilo haliulizwi vizuri. Baadhi ya vitabu vya sayansi hutumia jotoridi badala ya halijoto. Mimi nashika halijoto, kwa kuwa wasomaji wengi tayari wanaijua kutokana na taarifa za hali ya hewa, na kwa kuwa ndani yake neno hali linajieleza lenyewe.

Sasa uthabiti. Wapo wanaosema halijoto imara, na wapo wanaosema halijoto tulivu. Imara hutupeleka kwenye nguvu na ugumu: ukuta imara, msingi imara. Tulivu hutupeleka kwenye ukimya, na maji tulivu kwa msomaji yeyote ni maji yasiyo na mawimbi, jambo ambalo katika tangi la matumbawe ni baya, maana tumbawe linahitaji maji yanayotembea. Thabiti ni kile kisichoacha msimamo wake hata kikisukumwa. Hiyo ndiyo maana tunayoitaka. Kwa hiyo tuseme hivi: uthabiti wa halijoto ni hali ya maji kubaki ndani ya mipaka finyu inayojulikana, na yanapolazimika kubadilika, kubadilika polepole. Fasili hii haitaji namba moja iliyogandishwa. Inataja mipaka na mwendo, na vyote viwili vina kazi.

Mipaka kwanza. Wafugaji wengi wa matumbawe huweka maji kati ya nyuzi 24 na 27, na wengi huchagua 25 au 26 kisha wakajitahidi tofauti ya asubuhi na jioni isizidi nyuzi 1. Sababu iko ndani ya mnyama mwenyewe. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipu, na ndani ya tishu zao huishi mwani wa seli moja unaotengeneza chakula kwa mwanga. Tumbawe hupata sehemu kubwa ya chakula chake kwa mwani huo, na rangi yake nyingi pia hutoka humo. Maji yakizidi joto kwa muda, ushirika huo huvunjika, mwani hutoka, na kiunzi cheupe cha chokaa huonekana kupitia tishu. Huko ndiko kupauka. Tumbawe lililopauka bado liko hai, ila lina njaa, na hali isiporejea mapema litakufa. Wavuvi na wapigambizi wa Kenya na Tanzania waliliona hilo kwa macho mwaka 1998, miamba mirefu ya pwani yetu ilipogeuka myeupe wakati wa El Niño, na likaonekana tena mwaka 2016.

Watu wanaofuatilia bahari kwa setilaiti wana kipimo kinachotufaa hata sisi wa tangi la mezani. NOAA, idara ya Marekani ya bahari na angahewa, huchukua wastani wa halijoto ya mwezi wenye joto zaidi mahali fulani, kisha huhesabu kila wiki ambayo bahari imepita wastani huo kwa angalau nyuzi 1. Nyuzi zilizozidi hujumlishwa kwa wiki 12. Napendekeza tukiite kipimo hicho wiki-nyuzi za joto. Bahari ikipita nyuzi 1 kwa wiki 4 mfululizo, ni wiki-nyuzi 4. Ikipita nyuzi 2 kwa wiki 2, jibu ni lile lile. Zikifika 4, kupauka hutarajiwa. Zikifika 8, hutarajiwa kupauka kwa eneo kubwa pamoja na vifo. Kipimo hiki kinaonyesha kwamba hatari ya tumbawe inapimwa kwa urefu wa muda pamoja na ukubwa wa ongezeko. Tangi linalokaa nyuzi 29 kwa mwezi mzima linaweza kuwa na msiba mkubwa kuliko tangi lililofika 29 alasiri moja likarudi.

Hapa kuna jambo linaloonekana kupingana na yote niliyosema. Kwenye kisiwa cha Ofu, Samoa ya Marekani, kuna vidimbwi vya mwamba ambavyo maji yakipwa hupata joto hadi kupita nyuzi 34, na matumbawe yanaishi humo. Watafiti waliyachunguza na kukuta yanastahimili joto kuliko ndugu zao wa kidimbwi jirani chenye mabadiliko madogo. Je, basi uthabiti ni anasa? Hapana. Matumbawe ya Ofu yamelelewa katika mabadiliko yanayokuja na maji kupwa na kuondoka maji yanapojaa. Kipande kilichokuzwa miezi mingi katika tangi la nyuzi 25 hakina malezi hayo. Uthabiti hupimwa kwa mazoea ya kiumbe husika, na aliyenunua tumbawe anapaswa kumwuliza muuzaji limekuzwa katika nyuzi ngapi.

Tangi dogo ndilo lenye tabu. Kupandisha lita moja ya maji ya bahari kwa nyuzi 1 kunahitaji takriban kilojouli 4.1. Tangi la lita 40 basi linahitaji kama kilojouli 164 kwa kila nyuzi. La lita 400 linahitaji mara kumi. Hita ya wati 50 ikifanya kazi bila joto lolote kupotea itapandisha lita 40 kwa nyuzi 1 ndani ya dakika 55 hivi. Hita ya wati 200 itafanya hivyo kwa chini ya robo saa. Kikombe cha chai hupoa kabla ya birika, na ndivyo tangi dogo linavyofuata hewa ya chumba kabla ya tangi kubwa. Wanafizikia wana istilahi ya sifa hii; kwa lugha ya kawaida tuiite uwezo wa kubeba joto. Tangi dogo lina uwezo mdogo wa kubeba joto, kwa hiyo kila kitu kinachoingiza au kutoa joto huonekana upesi kwenye kipimajoto.

Na vinavyoingiza joto ni vingi kuliko hita. Pampu ya wati 10 iliyozamishwa humwaga karibu umeme wake wote majini kama joto. Kwa saa 24 hizo ni kilojouli 864, zinazotosha kupandisha lita 40 kwa zaidi ya nyuzi 5 kama zisingepata pa kutokea. Taa nazo huongeza, hasa zile za zamani za metali halidi. Taa za LED zina nafuu, ingawa haziko bila joto.

Njia kuu ya joto kutoka ni mvuke. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua takriban kilojouli 2,430. Maana yake, tangi linalopoteza lita moja kwa siku linapoozwa kana kwamba pampu tatu za wati 10 zimezimwa. Ndiyo siri ya feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji. Lakini mvuke hubeba maji na kuacha chumvi: tangi la lita 40 lenye chumvi ya gramu 35 kwa kilo likipoteza lita moja hufika karibu 36. Anayetumia feni lazima arudishe maji yasiyo na chumvi kila siku, kidogo kidogo, la sivyo atakuwa ametibu halijoto na kuharibu chumvi. Tena, pwani wakati hewa imejaa unyevu, kama Dar es Salaam mwezi Machi, maji hayatoi mvuke kwa urahisi na feni hufikia kikomo. Hapo kinachobaki ni kipoza maji chenye kompresa, au kupunguza taa na pampu.

Kifaa kinacholinda mipaka kwa niaba yetu ni kidhibiti halijoto, ambacho dukani huitwa themostati. Jina hilo la kigeni lilitungwa na mkemia wa Uskoti, Andrew Ure, aliyepata hataza ya kifaa chake mwaka 1830. Alitumia ukanda wa metali mbili zilizoshikanishwa: zikipata joto, moja hurefuka kuliko nyingine, ukanda hupinda, na mpindo huo hufanya kazi. Hita nyingi za bei nafuu bado zina ukanda wa namna hiyo, unaofungua na kufunga umeme. Hauzimi na kuwasha kwenye halijoto ile ile. Ukiuweka 26, unaweza kuzima kwenye 26.5 na kuwasha kwenye 25.5. Wahandisi huita tabia hii histeresisi. Mimi naiita pengo la kuwasha na kuzima, na fundi yeyote wa umeme niliyezungumza naye ameielewa hapo hapo. Pengo linahitajika, maana bila hilo ncha za swichi zingegongana mfululizo na kuungua. Likiwa pana mno, tangi linapanda na kushuka mchana kutwa.

Ubovu wa kuogopwa ni ncha hizo kung’ang’aniana, hita ikabaki inawaka. Ndipo namba ya wati inapoamua uhai. Hita ya wati 50 iliyogoma kuzima inampa mwenye tangi la lita 40 muda wa kugundua. Ya wati 200 itapika kila kitu kabla hajarudi kutoka kazini. Wenye uzoefu huweka hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, na kuzipitisha kwenye kidhibiti cha nje chenye kihisio chake, ili kimoja kikikosea kingine kikate umeme.

Mahali ulipo hubadilisha kazi. Nairobi usiku wa Julai, chumba kisicho na kipasha joto huwa baridi zaidi kuliko maji, na kifuniko pamoja na bamba la povu nyuma ya kioo husaidia hita. Mombasa hita inaweza kukaa miezi bila kuwaka, na kifuniko hicho hicho kinakuwa adui. Umeme ukikatika kwenye joto, watu hukimbilia barafu. Chupa ya nusu lita iliyogandishwa, ikifungwa vizuri na kuelea ndani, hushusha lita 40 kwa takriban nyuzi 1.5 ikiyeyuka yote na kufikia halijoto ya tangi. Mbili kwa mpigo ni nyuzi 3, na hapo umevunja uthabiti kwa mkono wako. Weka moja, subiri, soma kipimajoto.

Usivunje tumbawe baharini kwa ajili ya tangi. Matumbawe magumu yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na vipande vilivyokuzwa na wafugaji huzoea tangi vizuri zaidi. Kabla ya kununua hata kimoja, endesha tangi likiwa na maji, pampu na taa kwa wiki mbili. Tumia vipimajoto viwili, kwa sababu kimoja hakiwezi kukuambia kwamba kinadanganya, na uviweke mbali na hita. Andika halijoto alfajiri na alasiri. Tofauti ikizidi nyuzi 1, tangi lako bado halijawa tayari.