Nyonga ya Mama, Nyonga ya Mzee: Jinsia na Kuvunjika kwa Mifupa Uzeeni katika Nchi ya Chai

Mwanamke mzee huvunjika mifupa mara nyingi kuliko mwanamume wa rika lake. Mwanamume mzee aliyevunjika nyonga naye yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa kabla mwaka haujaisha. Ukweli wa kwanza unajulikana sana, wa pili haujulikani vya kutosha. Ndiyo maana udhaifu wa mifupa umezoeleka kuitwa ugonjwa wa akina mama.

Mwanamume hufikia utu uzima akiwa na mifupa mipana na mizito zaidi. Mwanamke, hedhi ikikoma, hupungukiwa na homoni ya estrojeni inayouhifadhi mfupa, na katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Kwa makadirio ya kimataifa, baada ya umri wa miaka 50 mwanamke 1 kati ya 3 huvunjika mfupa uliodhoofika. Kwa wanaume ni 1 kati ya 5. Hao si wachache.

Mazingira nayo huongeza hatari: Kericho na Bomet, kaunti za chai magharibi mwa Kenya, ni nchi ya miteremko, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na vijia vya udongo mwekundu huteleza. Bibi mwenye shamba dogo hachumi majani tu. Hubeba kikapu mgongoni hadi kituo cha kununulia chai, huteka maji, kisha hurudi na mzigo wa kuni. Mguu ukiteleza, mikono iliyoshika ukanda wa mzigo haiwahi kumkinga. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 humlinda mwajiriwa wa shamba kubwa. Mkulima anayeuza majani kupitia KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, hana mwajiri wa kumdai.

Wanaume, kuliko wanawake, huanguka zaidi kutoka juu: mtini, ngazini, darini. Wengi huvunjika nyonga wakiwa tayari na maradhi ya moyo au mapafu, na nimonia huwamaliza baadhi yao kitandani. Aidha, ni nadra mwanamume kupimwa au kutibiwa udhaifu wa mifupa hata baada ya kuvunjika, na hilo ni kosa la kitabibu linaloweza kurekebishwa.

Nyonga iliyovunjika haiponi kwa kukandwa. Kwa kawaida huhitaji upasuaji, nao hufaa zaidi ukifanywa ndani ya siku 1 au 2. Hospitali ya Tenwek, Bomet, ina wapasuaji wa mifupa na huwafunza wengine. Mazoezi ya kuimarisha miguu na usawaziko wa mwili nayo hupunguza kuanguka kwa takriban asilimia 23, wala hayahitaji mashine. Familia za nchi ya chai ziwafikishe wazee wao hospitalini siku hiyohiyo wanapoanguka, na kliniki ziwapime mifupa akina baba sawa na akina mama.