Viti vya wanawake katika panchayat

Utaratibu wa kikatiba wa India unaowatengea wanawake angalau theluthi moja ya viti na ya nafasi za uenyekiti katika mabaraza ya vijiji, yaitwayo panchayat. Uliletwa na Marekebisho ya 73 ya Katiba, yaliyoanza kutumika tarehe 24 Aprili 1993. Tofauti na viti maalumu vya Bunge la Tanzania, ambavyo vyama hugawiwa kulingana na kura zao, hapa mwanamke hugombea mwenyewe na kupigiwa kura na wanakijiji.

Vijiji vinavyotengewa uenyekiti hubadilishwa kwa zamu, na uteuzi wake wa nasibu uliwapa watafiti nafasi adimu ya kulinganisha. Mwaka 2004 Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo, ambaye baadaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya Uchumi (2019), walichapisha utafiti kuhusu West Bengal na Rajasthan. Katika majimbo yote mawili, wenyeviti wanawake waliwekeza zaidi katika maji ya kunywa, kero iliyowagusa hasa wanawake. Barabara zilikwenda njia mbili: West Bengal, ambako wanawake walizidai, zilipewa fedha zaidi, Rajasthan, ambako madai hayo yalikuwa ya wanaume, zilipewa pungufu. Hoja kwamba jinsia ya kiongozi haibadilishi bajeti ilidhoofika sana.

Jimbo la Bihar lilipandisha sehemu ya wanawake kutoka theluthi hadi nusu mwaka 2006. Kasoro inayolalamikiwa mno ni waume wanaoongoza kwa mgongo wa wake zao. Wengine huhudhuria vikao bila hata kuona haya.