Kwa Nini Kuku Hawachanjwi?

Mwaka 1926 ugonjwa ambao Watanzania huuita mdondo ulitambuliwa katika kisiwa cha Java na mjini Newcastle, Uingereza. Chanjo ilipatikana baadaye, lakini ilitaka baridi, na chupa moja ilitosha mamia ya kuku. Mama wa kijiji karibu na Kisangani, mwenye kuku 8, angeifanyia nini?

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Australia walitengeneza chanjo iitwayo I-2, yenye kustahimili joto zaidi: tone moja jichoni, kila miezi 4. Lakini wengi hungoja mpaka kuku waanze kufa. Waliokwisha kuambukizwa hufa hata wakichanjwa, ndipo chanjo hulaumiwa. Basi, majirani wachangie chupa moja, wachanje kabla ugonjwa haujafika.